Tafuta Kwenye T

Zamu ya usiku, Makutupora. Pampu namba saba
inanguruma kama mgonjwa aliyekataa hospitali.
Nimeandika presha, nimeandika saa,
nimefunga daftari la mamlaka ya maji
nikafungua lile jingine, lenye twiga usoni
na jedwali la kuzidisha mgongoni.
Humo najifunza Kiwelisi.

Usinicheke, Chilewa. Umeshanicheka vya kutosha
tangu uliponisikia nikiijaribu ile "ll" yao,
ulimi juu, hewa itokee pembeni,
ukachukua tochi ukaenda kukagua valvu
ukidhani inavuja.

Mjukuu wangu ana miaka minne. Mama yake, Mbeleje wangu,
anauguza wazee katika mji ambao mvua
haina msimu, inakaa tu, kama mpangaji.
Jumapili mtoto aliishika simu kwa vidole vya jamu
akawaonyesha wenzake uso wangu:
"fy nhad-cu."
Nikaitika. Ukiitwa unaitika.
Kisha nikaenda kutafuta nimeitwa nani.

Nilianza na N. Nikashuka na kidole
kama mzazi mbele ya ubao wa matokeo,
nikarudi juu, nikashuka tena.
Simo.

Usiku wa tatu Mbeleje akaniandikia:
Baba, tafuta kwenye T.

Neno ni "tad". Ni baba.
Akiwa wako, "dy dad". Akiwa wa yule binti, "ei thad".
Akiwa wangu, "fy nhad".
Baba mmoja, vichwa vinne;
kila anayemdai anamvua kichwa alichokuja nacho
na kumvika kingine.

Nilikasirika. Lugha gani hii inamgusa mtu usoni?
Sisi tuna adabu: babangu, babako, babake,
unatikisika mkia tu, uso ni ule ule,
hata polisi watamtambua.

Nikaenda kuchemsha chai. Nikainywa kwa hasira, ikaniunguza ulimi.
Ulimi.
Nikabaki nimesimama na kikombe.
Ulimi mmoja, ndimi mbili.
Ile L imekwenda wapi?
Ubavu, mbavu. Ubao, mbao.
Na bomba hili refu, lakini kamba hii ndefu.
Miaka sitini na mitatu nimepitisha mzigo huu kinywani
bila kuulipia ushuru.

Ndipo nikamkumbuka yule mgeni wa visima,
mwaka mtambo wa kuchimba ulipokwama Hombolo.
Amekaa juu ya bomba, shavu limevimba,
anatafuta "meno" kwenye M ya kamusi yake ndogo,
anapekua, anatema mate, anapekua,
na sisi tumemzunguka, tunacheka, tunashikana mabega.
Hakuna aliyemwambia: mzee, tafuta kwenye J.
Hata mimi.
Mimi hasa, niliyekuwa najua.

Saa tisa. Presha imeshuka kidogo, nimeandika.
Somo la leo ni kumiliki, na hawana neno la kumiliki.
Kama sisi tu: nina, yaani mimi na,
na kile kitu kimesimama kando yangu.
Wao husema kipo, halafu pamoja nami.
Mjukuu wa kike ni "wyres".
Nimeangalia jedwali lote mara mbili:
akiwa wangu, herufi yake ya kwanza haiguswi.

"Mae wyres gyda fi."
Yupo mjukuu pamoja nami.

Nimelisema kwa sauti, pampu ikalimeza.
Nikalisema tena, karibu na dirisha,
kuelekea mizabibu, ambako hakuna mtu.
Chilewa akafungua jicho moja kwenye benchi.
"Inavuja tena?"
Nikamwambia lala.